Maji Usiyoyafika: Safari ya Mto Colorado, 1869

Wazee wetu walisema, "Maji usiyoyafika hujui wingi wake." Neno hili hutajwa mara nyingi kwa mambo yasiyo maji, lakini leo twataka kuwasimulia wasomaji wetu habari ya watu kumi waliojifunza maana yake katika maji yenyewe. Waliingia mto ambao hakuna hata mmoja wao aliyepata kuupita, wakaufuata miezi mitatu kati ya majabali, na kila asubuhi waliondoka wasijue jioni itawakuta wapi. Karibu na mwisho wa safari watatu kati yao waliwaacha wenzao, nao hawakuonekana tena. Waliobaki mtoni wakaokoka. Tangu siku hiyo wako watu waliowahesabu wale watatu kuwa waoga. Sisi twaona hukumu hiyo si ya haki, na ndiyo sababu tumeiandika habari hii.

Mto Colorado u katika nchi ya Marekani, upande wa magharibi. Watoka katika milima ya Rocky yenye theluji, wapokea maji ya mto Green na mito mingine, kisha waenda kusini na magharibi kuelekea Ghuba ya California, mwendo wa kilometa 2,300 na zaidi. Katikati ya njia mto huu umekata nchi kama msumeno ukatavyo ubao, ukafanya bonde lenye kuta za mawe liitwalo Grand Canyon, maana yake Korongo Kuu. Urefu wa korongo hilo ni kama kilometa 446, na mahali pengine kina chake chapita kilometa moja na nusu. Mtu akisimama juu ukingoni huuona mto huko chini kama uzi, wala hasikii ngurumo yake.

Wenyeji wa nchi ile, Wahopi, Wahavasupai, Wahualapai na Wapaiute, walilijua korongo tangu kale, nao walilima mahindi na maboga penye chemchemi. Wahispania waliliona mara ya kwanza mwaka 1540. Watu wao watatu wakajaribu kushuka hata majini, wakashindwa, wakarudi. Hata mwaka 1869 ramani za Marekani zilikuwa na mahali peupe hapo. Mwezi wa Machi mwaka uleule Daktari Livingstone alifika Ujiji, hali mgonjwa sana. Basi msomaji asidhani kwamba ni Afrika peke yake iliyokuwa na nchi zisizoandikwa katika ramani za Wazungu.

Aliyeazimu kuufuata mto huo ni John Wesley Powell. Alizaliwa mwaka 1834. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kimethodisti, ndiyo sababu mtoto akapewa jina la John Wesley. Alipokuwa kijana alifundisha shule za vijijini, na wakati wa mapumziko alisafiri kwa mashua ndogo katika mito ya Mississippi na Ohio akiokota makombe na mawe. Vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe vilipotokea akawa askari, na tarehe 6 Aprili 1862, katika mapigano ya Shiloh, risasi ikampiga mkono wa kulia, hata waganga wakaukata. Vita vilipokwisha akarudi kufundisha, akawa mwalimu wa elimu ya miamba katika chuo kikuu. Huyu basi ni mwalimu mwenzetu, mwenye mkono mmoja, aliyetaka kusoma kitabu kilichoandikwa na Mungu katika kuta za mawe.

Wenzake walikuwa tisa. Walter Powell alikuwa ndugu yake, aliyepata mateso kifungoni wakati wa vita. George Bradley alikuwa askari. William Hawkins alikuwa mpishi. Andrew Hall alikuwa kijana wa miaka kama ishirini. Frank Goodman alikuwa Mwingereza. Wengine walikuwa John Sumner, William Dunn, na ndugu wawili, Oramel na Seneca Howland. Oramel alipata kuwa mpiga chapa wa gazeti mjini Denver. Wengi wa hao walizoea bunduki, mitego na nyumbu. Wachache walikuwa wamepiga makasia katika maji matulivu. Lakini kuendesha mashua katika maporomoko, hiyo ilikuwa kazi mpya kwao wote.

Mashua zao zilikuwa nne, nazo ziliundwa Chicago. Tatu zilikuwa za mti wa mwaloni, urefu wa futi 21, imara na nzito kabisa. Ya nne ilikuwa ya msonobari, futi 16, nyepesi. Powell aliiita Emma Dean kwa jina la mkewe, nayo ndiyo iliyotangulia. Mashua zilikuwa na vyumba vilivyozibwa, omo na tezi, maji yasiingie, na humo wakatia unga, nyama, kahawa, nguo, risasi na vyombo vya kupimia nchi. Chakula chao kilikadiriwa kutosha miezi kumi. Zilipelekwa kwa reli mpya iliyounganishwa tarehe 10 Mei mwaka ule kutoka mashariki hata magharibi ya nchi, zikashushwa penye kituo cha Green River, Wyoming. Siku kumi na nne tu baada ya reli kuunganishwa, tarehe 24 Mei 1869, watu wale kumi wakasukuma mashua majini na kwenda zao.

Twaona hapa makosa ya mtu aanzaye kazi. Mashua zile zilifaa kwa maji mapana yaliyotulia. Zilikwenda mbele vizuri, lakini hazikugeuka upesi, na penye maporomoko kugeuka ndiko kuokoka. Tena wapiga makasia waliketi kama ilivyo desturi, migongo yao ikielekea kule waendako, hata mawe waliyoyakaribia hawakuyaona. Ilipita miaka ishirini na zaidi ndipo mwindaji mmoja, Nathaniel Galloway, akaunda mashua ya chini bapa, akageuka akauelekea mkondo, akawa ayaona mawe na kupiga makasia kurudi nyuma ili kupunguza mwendo. Jambo hilo laonekana jepesi kwetu tulioambiwa, lakini wa kwanza hawakuwa na wa kuwaambia.

Hata hivyo walijifunza upesi. Emma Dean ilitangulia, Powell akitazama mbele. Aliposikia ngurumo ya maji aliwapungia bendera walio nyuma, wote wakaenda ukingoni, kisha wakatembea kwa miguu juu ya mawe kuyaangalia maporomoko. Ikiwa njia ipo, walipita kwa makasia. Ikiwa maji yamezidi ukali, watu walishika kamba wakaiteremsha mashua kidogo kidogo kando ya ukingo. Ikiwa hata hilo haliwezekani, walishusha mizigo yote, wakaibeba na mashua zenyewe juu ya mawe, kisha wakapakia tena. Kwa njia hiyo mara nyingine kutwa nzima walikwenda mwendo ambao mtu aweza kuutembea kwa nusu saa.

Msiba wa kwanza uliwapata tarehe 8 Juni, katika korongo la Lodore. Powell alitoa ishara, lakini mashua iliyoitwa No Name, yenye ndugu wawili Howland na Goodman, haikuwahi kufika ukingoni. Mkondo ukaichukua, ikapiga mwamba, ikajaa maji, ikapiga mwamba wa pili, ikavunjika vipande viwili. Wale watatu wakatupwa penye kisiwa kidogo katikati ya mto, na Sumner akaenda peke yake katika Emma Dean akawaokoa. Lakini sehemu kubwa ya chakula, nguo za watu watatu, na vipimahewa vyote vilikuwa ndani ya mashua ile. Kesho yake waliona kipande cha mashua kimekwama chini, watu wawili wakakiendea, na mara Powell akasikia kelele za furaha. Akadhani wanashangilia vyombo vyake. Kumbe walikuwa wamekuta pipa dogo la pombe kali walilolificha mashuani bila yeye kujua. Lakini vyombo navyo vilipatikana, na Powell hakukasirika sana. Mahali pale wakapaita Maporomoko ya Msiba.

Siku chache baadaye moto wa kambi ulishika vichaka. Hawkins akakimbilia mashuani na vyombo vya kupikia mikononi, akaanguka mtoni, vyombo vikazama. Siku nyingine Powell alikuwa akipanda jabali, akafika mahali ambapo hakuweza kwenda mbele wala kurudi, ananing'inia kwa mkono wake mmoja, miguu ikimtetemeka. Bradley alikuwa juu yake, hana kamba. Akavua suruali yake ndefu ya ndani, akaiteremsha. Powell akauachia mwamba, akaidaka ile suruali, akavutwa juu. Twaweza kucheka tukisoma haya, lakini ni uhai wa mtu uliokuwa katika kipande cha nguo.

Mwanzo wa Julai walifika karibu na kituo cha serikali kati ya watu wa Ute, na hapo Goodman akawaaga. Walibaki tisa na mashua tatu. Katikati ya Julai wakafika mahali mto Green unapokutana na mto mwingine na kuwa Colorado wenyewe. Wakatazama chakula: unga umelowa na kuota ukungu. Wakauchekecha kwa kitambaa cha chandarua, wakatupa mabonge yaliyoharibika.

Mwezi wa Agosti wakaingia Korongo Kuu. Hapo mawe yalikuwa meusi na magumu, kuta zikasimama majini pande zote mbili, na mahali pengi hapakuwa na ukingo wa kutembea wala wa kushikia kamba. Mvua ikawanyea, nao hawakuwa na blanketi za kutosha wote. Makasia yalivunjika, wakachonga mengine kwa magogo yaliyochukuliwa na mto. Mashua zilivuja, wakapanda milimani kutafuta utomvu wa misonobari, wakazikalafati. Nyama ya nguruwe ikaoza, ikatupwa. Hata unga wa kuumulia mkate uliangushwa mtoni na kamba ya mashua. Wakabaki na unga wenye ukungu, matofaa makavu, na kahawa nyingi.

Tarehe 26 Agosti waliona bustani ya wenyeji kando ya mto, yenye maboga mabichi. Wenye bustani hawakuwapo. Wale watu wakachukua maboga kadhaa wakakimbia nayo, wakayapika mbele ya safari, wakala kwa furaha kama karamu. Powell mwenyewe aliandika habari hiyo wala hakuificha. Sisi hatuwezi kuusifu wizi, hata wa mwenye njaa. Twasema tu kwamba watu wa safari kubwa nao walikula jasho la mkulima ambaye jina lake halikuandikwa katika kitabu chochote.

Kesho yake, tarehe 27, wakafika maporomoko waliyoyaona kuwa mabaya kuliko yote yaliyotangulia. Walipanda upande huu na upande huu, wasione njia ya kamba wala ya kubeba. Jioni ile Oramel Howland akamwendea Powell akamwambia kwamba yeye na ndugu yake na Dunn wameazimu kuuacha mto na kupanda juu kwa miguu, kwenda kutafuta vijiji vya Wamormoni upande wa kaskazini. Akamsihi wote wafanye hivyo. Powell akatoa chombo chake, akapima nyota, akafanya hesabu. Akamwamsha Howland, akamchorea ramani mchangani: toka hapa hata mlango wa mto Virgin, penye watu, si zaidi ya kilometa 72 kwa njia iliyonyoka, na kwa mto labda mara mbili yake. Howland akatazama, akarudi kulala, lakini neno lake halikubadilika.

Powell hakulala. Alitembea usiku kucha juu ya kipande kidogo cha mchanga, akienda na kurudi. Chakula kilikuwa cha siku tano hivi. Alijiuliza kama ni haki kuwatia watu katika maji yale. Akajiuliza kama ni haki kuiacha kazi iliyobaki kidogo. Akawaamsha wengine mmoja mmoja, nao wakakubali kuendelea naye.

Asubuhi ya tarehe 28 Agosti walikula pamoja, kimya. Emma Dean ikaachwa ukingoni, kwa kuwa watu hawatoshi kuiendesha. Wale watatu wakapewa bunduki. Walipoambiwa wachukue sehemu ya chakula walikataa, wakasema watawinda. Lakini Hawkins mpishi aliwawekea mikate midogo juu ya mwamba. Powell akawapa barua ya mkewe, na Sumner akawapa saa yake wampelekee dada yake kama yeye hataonekana tena. Watu wakalia. Kila upande uliona kwamba wenzao ndio wanaokwenda kufa.

Kisha mashua mbili zikaingia majini, na kwa muda kama dakika moja tu zikapita. Maporomoko yale hayakuwa mabaya kama yalivyoonekana kutoka juu. Wale sita wakafika ukingoni, wakapiga bunduki kuwaita wale watatu waishukie Emma Dean na kuwafuata. Wakangoja; hawakuja. Saa chache baadaye walikutana na maporomoko mengine, nayo yakawa karibu kuwamaliza: mashua ya Bradley ikakatika kambani, akaipitisha peke yake katika mawimbi, kisha akawasaidia wenzake waliojitupa majini nyuma yake. Kesho yake, tarehe 29 Agosti, kuta zikafunguka, wakatoka katika Korongo Kuu. Tarehe 30 wakaona watu wanavua samaki kwa wavu penye mlango wa mto Virgin. Watu hao walikuwa wameambiwa watazame mto kama mabaki ya mashua au maiti yatapita. Maana magazeti yalikuwa yametangaza kwamba Powell na watu wake wamekufa. Safari yote ilikuwa ya kilometa kama 1,600.

Basi, wale watatu walikosa siku moja na nusu tu. Walipanda hata juu ya nchi, wasirudi tena. Mwaka 1870 Powell alikwenda kwa Wapaiute wa Shivwits pamoja na Jacob Hamblin, Mmormoni aliyeijua lugha yao, akaambiwa kwamba watu wao waliwaua wale watatu kwa kuwadhania ni wachimba madini waliomwua mwanamke wa kwao. Wako wanahistoria wanaoikubali habari hiyo, na wako wanaosema waliuawa na watu wengine. Maiti zao hazikupatikana.

Powell alipata heshima kubwa. Alisafiri tena katika mto huo miaka ya 1871 na 1872, akaandika kitabu, akawa mkuu wa idara ya serikali ya kupima miamba tangu 1881 hata 1894, akafa mwaka 1902. Serikali ikamjengea jengo la mawe ukingoni mwa Korongo Kuu, na juu yake yameandikwa majina ya wenzake. Majina ya Oramel Howland, Seneca Howland na William Dunn hayakuandikwa, kwa kuwa walihesabiwa kuwa watoro. Ilipofika mwaka 1939 ndipo kibao chao kikawekwa mahali pale walipoachana.

Yuko msomaji atakayesema, "Walistahili. Mtume Paulo alipokuwa melini katika tufani, na mabaharia wakataka kutoroka kwa mashua, hakusema kwamba wasipokaa wote melini hawataokoka?" Tumelifikiri neno hilo sana. Lakini Paulo alikuwa na ahadi ya Mungu, aliyoambiwa na malaika. Powell hakuwa na ahadi. Alikuwa na hesabu yake, na hesabu ile ilimwambia umbali wa njia, haikumwambia kitu juu ya maji. Yeye mwenyewe alitembea mchangani mpaka alfajiri kwa sababu hakujua. Kama maporomoko yale yangalikuwa kama yalivyoonekana, tungalisoma leo habari ya watu sita wajinga waliokufa mtoni, na watatu wenye busara waliopanda kwa miguu.

Tena tukumbuke kwamba wawili wa wale watatu ndio waliokuwa katika No Name ilipovunjika. Walikuwa wamekwisha kuupita mto ule zaidi ya miezi mitatu. Mwoga haendi mwendo huo. Baadaye Sumner na Hawkins walisema kulikuwa na ugomvi kati ya Powell na Dunn. Huenda nao ulizidisha uzito wa njaa. Lakini Powell, katika kitabu chake cha mwaka 1875, hakuwaita waoga. Walioandika majina katika jiwe ndio waliowahukumu, nao hawakuwahi kulala njaa juu ya mchanga ule.

Mto nao umebadilika. Bwawa la Hoover lilipomalizika mwaka 1936 maji yakajaa nyuma yake, hata yakayafunika maporomoko ya kuachana. Siku hizi maelfu ya watu huushuka mto Colorado kila mwaka, wengi kwa vyelezo vikubwa vya mpira vilivyojazwa hewa, wamevaa fulana za kuelea, na kiongozi aliyekwisha kupita mara nyingi amewashikia makasia. Aanzaye leo huambiwa kila jioni ni maporomoko mangapi yaliyo mbele, na siku gani atatoka. Hilo ndilo ambalo watu wa 1869 hawakuwa nalo.

Na katika maisha yetu sisi nasi twasafiri kama wao, si kama hao wa leo. Mkulima auzaye shamba lake mwaka wa tatu wa ukame hajui kama mvua i karibu. Mwanafunzi aachaye shule hajui kama mlango ulikuwa mbele yake. Tuwatie moyo wavumilie, maana mara nyingi mwisho u karibu kuliko tunavyoona. Lakini aliyechoka akashika njia nyingine, tusilifute jina lake. Hawkins hakuwakemea wenziwe asubuhi ile. Aliwaoka mikate kwa unga mchache uliobaki, akaiweka juu ya mwamba, akashuka mashuani.